Tangi la Nyuma

Mama Matangi hakujali kitambulisho cha polisi. Alikitazama, akamrudishia mwenyewe, akaendelea kuuza.

"Hilo la rangi ya maziwa usiligeukie hata shingo, dada. Linapitisha mwanga, na mwanga ukiingia maji yanaota ukijani. Baada ya muda unakunywa mchicha. Chukua jeusi."

"Sijaja kununua," Inspekta alisema.

"Wote huanza hivyo."

Duka lenyewe lilikuwa uwanja wa changarawe uliozungushiwa seng'enge, matangi yamepangwa kwa ukubwa, ya mwisho makubwa kama vyumba vya kupanga. Ofisi ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Inspekta alipita katikati ya matangi akiyagonga kwa kidole, na hakujidanganya: alikuwa na kiwanja chake nje ya mji, hakina kitu isipokuwa nyasi na ndoto, na siku nyingine angemsikiliza mwanamke huyu mpaka jioni. Leo alikuja kwa ajili ya mtu mmoja aliyekufa na mwingine aliyekuwa mahabusu.

Aliyekufa alikuwa mpimaji ardhi mstaafu aliyeitwa na watu wote Mzee Ramani. Alikuwa na nyumba ndogo shambani, ya kwenda na mkewe mwisho wa wiki, na Jumapili asubuhi alikutwa amezama ndani ya tangi jipya la maji ya mvua mbele ya nyumba hiyo. Tangi lilikuwa limejaa mpaka shingoni, kifuniko kimekazwa kwa nje. Aliyemkuta ni mtunza shamba wake, bwana mmoja anayetumia mkono wa kushoto na maneno machache, ambaye jina lake la siku zote ni Mashoto. Mkuu wa kituo hakutaka kuumiza kichwa. Kwa maelezo yake, mzee aliingia tangini Jumamosi kulisugua, Mashoto akamfungia, mvua ya jioni ikamalizia. Vifundo vya vidole vya marehemu vilikuwa vimechubuka, na kwa mkuu hiyo ilitosha kuwa dalili ya ugomvi.

Mashoto alisema hakuwepo. Alidai kwamba mdogo wa marehemu alimtuma njiapanda kumsubiri fundi bomba, fundi hakutokea, mvua ikamkuta huko, akalala kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Hakuna aliyemwona. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua. Mke wa Mashoto alikuwa anashinda kwenye benchi la kituo tangu siku aliyokamatwa, haombi kitu, anatazama tu kila anayepita, na Inspekta alikuwa ameanza kutumia mlango wa uani ili asikutane na macho yale.

"Walikuja watatu," Mama Matangi alisema alipokubali hatimaye kwamba leo hauzi. "Mzee, mkewe, na yule wa suti. Kwenye vumbi hili, suti."

Yule wa suti ndiye mdogo mtu, baba mmoja na marehemu, mama mbalimbali. Mmoja alilelewa shambani na mwingine mjini. Kituoni koplo alikuwa ameshambandika jina la Suti, na jina limekwama.

"Waligombana?" Inspekta aliuliza.

"Mteja asiyegombana hanunui. Mzee alitaka tangi la zege. Nikamwambia hilo halibebwi kwenye gari, linajengwa palepale, nitampa fundi. Yule wa suti akadakia: kaka, zege la nini, chukua plastiki, siku ya kuhama unabeba. Mzee akageuka polepole, akamuuliza, 'Nani kakwambia nahama?'"

"Akajibiwa nini?"

"Akajibiwa na mimi. Niliona hewa imeharibika, nikaanza kuwaonyesha koki."

Koplo, aliyekuwa amejiegemeza kwenye kivuli cha tangi moja, alicheka. Inspekta hakucheka. Mtu anayetaka kila kitu kiwe chepesi kung'oka, aliwaza, huyo ana safari yake kichwani.

"Lakini mwishowe alinunua plastiki," alisema.

"Mvua ilikuwa imekaribia na zege lingechelewa kukauka. Ila alichukua mawili. Yule wa suti anamwambia chukua moja kubwa, msingi mmoja, umemaliza. Mzee anasema paa langu lina pande mbili, maji ya mbele yashuke mbele, ya nyuma yashuke nyuma, na moja likichafuka lingine tunakunywa. Akachukua na viwiko viwili vya kugeuza, vya kufunga kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye mfereji wa paa. Huyo alikuwa anajua. Wengi wananunua tangi wanasahau kwamba mvua ya kwanza..."

"Haikingwi," Inspekta alimalizia. "Inaosha paa. Mama alikuwa anatupiga kofi tukitoa ndoo."

"Basi wewe nakupunguzia bei."

"Na midomo? Lile alilofia lina mdomo mpana, mtu mzima anapita na mabega yake. Alichagua mwenyewe?"

Mama Matangi alikuwa na jibu la kila kitu tangu asubuhi. Hapa alipangusa vumbi juu ya kifuniko kilichokuwa hakina vumbi.

"Hapana," alisema. "Mzee alichagua midomo myembamba. Ana wajukuu, alisema, wanapanda kila kinachosimama. Kesho yake mkewe akarudi peke yake. Akaniambia nibadilishe, nimpe yenye midomo mipana."

"Kwa nini?"

"Alisema mume wake kabadili mawazo. Na akaniomba nisimpigie simu mzee kumsumbua."

Ndani ya gari koplo alifunga mkanda na kusema, "Mjane huyo." Inspekta na yeye alikuwa anawaza hivyohivyo, na hakulipenda wazo hilo hata kidogo.

* * *

Nyumbani kwa marehemu uani bado palikuwa na viti vya kukodi, na watu wachache wa msiba waliobaki walikuwa wamechoka kuongea. Mjane alimpokea Inspekta chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda upande mmoja tu, kama ule mwingine una mtu.

"Pole tena, mama," Inspekta alisema. "Nimetoka dukani kwa matangi."

"Basi ameshakwambia."

"Nataka unieleze wewe."

Mjane aliitazama mikono yake. "Nyumba tuliyopanga zamani ilikuwa na tangi la mdomo mwembamba. Halisafishiki. Unatia fimbo yenye kitambaa, unakoroga, unajidanganya. Mwanetu wa pili akaugua matumbo mpaka akalazwa. Tulipokuja kulivunja lile tangi, chini mlikuwa na tope limejaa minyoo, na tulikuwa tunakunywa juu yake. Nikaapa sitanunua tena tangi ambalo mtu haingii kulisugua."

"Ungemwambia mumeo."

"Nilimwambia. Akasema wajukuu. Nikamwambia kifuniko kinakazwa, mtoto hakiwezi. Akasema nimeshaamua. Ulimfahamu mume wangu? Alikuwa akipiga mstari, umepigwa. Nikaona nibadilishe kimyakimya, anune wiki moja, asahau."

"Alinuna?"

"Siku mbili. Halafu akasema ni kweli, haya ni mazuri zaidi. Akasema atayasugua mwenyewe kabla hayajaingia maji, maana ndani ya tangi jipya mnabaki mabaki ya plastiki. Inspekta, angekuwa na lile aliloliomba, asingeweza kuingia. Mimi ndiye niliyemchagulia mlango."

Inspekta alitamani amshike mkono. Badala yake aliuliza, kwa sababu ndiyo kazi, "Jumamosi ulikuwa wapi, mama?"

"Harusini. Mtoto wa rafiki yangu. Tangu asubuhi nilikuwa jikoni na wenzangu, waulize wote. Mume wangu alikuwa aje jioni. Shemeji alitangulia kufika, mchana, anatoka huko shamba. Akaniambia kaka anasafisha matangi, tusimngoje kula. Nikampigia mume wangu simu, ikaita tu. Shemeji akasema, mtu yuko ndani ya tangi, atasikiaje simu. Nikacheka."

Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti ndogo sana, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyafuta.

"Shemeji yako na mumeo walikuwa na ugomvi?"

"Shamba ni la baba yao. Shemeji anataka liuzwe, ameshaleta na mnunuzi akazungushwa mipaka yote. Mume wangu hakuwahi kumjibu ndiyo wala hapana. Kununua matangi ndiko kulikuwa kujibu."

"Mbona hukuyasema haya kituoni?"

"Nani aliniuliza? Mkuu wenu aliniuliza kama Mashoto ni mlevi."

Wakitoka, koplo alimfungulia mlango wa gari. "Basi ni Suti," alisema.

"Umehamia huko kwa haraka," Inspekta alisema. "Suti alikuwa harusini mvua ilipoanza. Amepigwa picha nyingi kuliko bibi harusi. Kama mzee alizamishwa na mvua ya jioni, Suti hayumo, na Mashoto hana mtu wa kumsemea."

* * *

Suti alikuwa amewatangulia shambani. Walimkuta barazani, kiti amekigeuzia barabara, kiatu kinang'aa. Alisimama, akampa Inspekta mkono kwa heshima zote, akamwita mama mkubwa ingawa Suti ndiye mkubwa kwa umri. Inspekta alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, akakaa.

"Nieleze tena Jumamosi," alisema.

"Kama nilivyoandikisha. Nilikuja asubuhi kumsalimia kaka. Nilimkuta anasugua tangi hilo, Mashoto anampa maji kwa ndoo. Kabla ya saa sita nikaaga nikaenda harusini."

"Hukumtuma Mashoto njiapanda kumsubiri fundi bomba?"

"Fundi wa nini? Mabomba si hayo, yameshafungwa." Alitikisa kichwa kwa huzuni iliyopangwa vizuri. "Mashoto atasema nini kingine? Simlaumu. Kaka alikuwa mkali. Mtu akifokewa kila siku, kuna siku moja inamshinda."

"Alikuwa anamfokea?"

"Sijui. Nakisia."

"Usikisie. Maji yaliingiaje?"

"Maji?" Suti alionekana kuona swali la kitoto. "Mvua, mama mkubwa. Ilinyesha jioni ile mpaka hema la harusi likainama. Nilikaa pale nikasema moyoni, leo kaka anafurahi, anakinga maji yake ya kwanza."

"Anakinga."

"Si ndiyo kazi ya tangi?"

Inspekta alimwangalia kidogo, kisha akainuka bila kusema kitu, akashuka ngazi za baraza.

Tangi la mbele lilisimama kwenye msingi wa mawe pembeni mwa baraza. Polisi walikuwa wamelifungulia maji yote siku ile ya kumtoa marehemu. Ngazi ya mbao ilikuwa bado imelala kwenye majani. Inspekta aliinua macho, akafuata mfereji wa paa mpaka kwenye kona, bomba linaposhuka, mpaka kwenye kiwiko. Kiwiko kilikuwa kimegeuziwa nje. Mdomo wake ulitazama uwanja, na tundu la juu ya tangi, ambalo ndilo lilipaswa kupokea maji, lilikuwa tupu. Chini ya kiwiko udongo ulikuwa umechimbika shimo la kuingia sufuria, na kutoka hapo mfereji mdogo ulikwenda ukipinda mpaka kwenye majani.

"Koplo. Jumapili ulikuwepo. Bomba hili mlilikuta hivi?"

"Hivihivi, afande. Nilijigonga nalo kichwa tukimtoa mzee. Nundu ilikaa mpaka juzi."

"Na mvua imenyesha tena tangu siku ile?"

"Hata manyunyu."

Suti alikuwa amewafuata, akikwepa nyasi. Alitazama kiwiko, akatazama shimo, na Inspekta akaona jicho lake linapiga hesabu.

"Basi Mashoto aligeuza bomba baadaye," Suti alisema. "Tangi lilipokwisha kujaa."

"Kwa nini?"

"Mtu aliyeua anafikiri vizuri?"

"Na shimo hili?"

"Tangi likijaa, maji yanamwagika juu. Yatachimba tu."

Lilikuwa jibu zuri. Kwa kweli lilikuwa jibu ambalo mkuu wa kituo angelipenda, na Inspekta alijiona akisimama mbele yake jioni hiyo na shimo moja la udongo mkononi, huku yule mwanamke wa kwenye benchi akiendelea kuhesabu viatu vinavyopita. Akatembea, ili afanye kitu, akazunguka nyumba.

Nyuma ya nyumba hakuna aliyekuwa amefika. Marehemu alipatikana mbele, na polisi wote waliokuja walisimama mbele, wakapiga picha mbele, wakaondokea mbele. Huku nyuma nyasi zilikuwa wima. Tangi la pili lilikaa kwenye msingi wake, jeusi, pacha wa lile lingine. Kiwiko chake nacho kilikuwa kimegeuziwa nje. Chini yake udongo ulikuwa umechimbika shimo lilelile, na mfereji mdogo uleule unapinda kwenda kwenye majani.

"Gonga," Inspekta alisema.

Koplo aliligonga kwa ngumi, chini, katikati, juu. Lililia tupu kote. Alipanda kwenye mawe ya msingi, akakizungusha kifuniko, akakifungua, akaingiza kichwa. Sauti yake ilitoka nene kutoka ndani.

"Kavu, afande. Limesuguliwa vizuri. Mabaki ya plastiki yamekusanywa upande mmoja, na brashi ipo. Hata tone hakuna."

Inspekta alisubiri mpaka Suti alipotokeza kwenye kona ya nyumba. Suti hakufurahi alipoona wapi wamesimama. Ilionekana wazi kwamba hata yeye hajawahi kufika huku.

"Hili ni la pili," Inspekta alimwambia. "Ulimshauri kaka yako asilinunue."

"Nilimshauri achukue moja kubwa. Kosa?"

"Paa ni moja. Mvua ilikuwa moja. Upande wa mbele umejaza tangi mpaka shingoni na upande wa nyuma haujatia hata tone. Nieleze."

"Labda hili hakuliunganisha."

"Bomba hilo unaliona. Limegeuzwa kama la mbele. Kaka yako aliyageuza yote mawili kabla mvua haijaanza, kwa sababu mvua ya kwanza haikingwi, inaachwa ioshe paa. Aliyekulia shamba anajua hilo kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo Jumamosi jioni maji yote ya paa hili yalimwagika chini, mbele na nyuma, ndiyo haya mashimo. Mvua haikujaza tangi lolote."

Suti alijikohoza. "Mimi sijui mambo ya mvua. Nimekulia kwenye mabomba."

"Hilo naliamini," Inspekta alisema. "Kama hayakushuka na paa, yalikuja na barabara. Na yaliyokuja na barabara yalipokelewa na mtu. Koplo, chukua gari. Nenda njiapanda uulize ni nani anayeuza maji kwa boza upande huu. Mwambie aje. Usimwambie zaidi."

Koplo aliondoka. Suti alitazama saa yake, akasema ana kikao mjini. Inspekta akamwambia hata hapa wapo kwenye kikao, na akidi imetimia. Walirudi barazani, wakakaa, yeye akavuta kiti chake mpaka mahali ambapo mtu anayetaka kushuka ngazi lazima apite juu ya magoti yake.

"Mnunuzi wako amesharudi?" aliuliza.

"Mnunuzi gani?"

"Wa shamba."

Suti alitoa kitambaa, akainama kufuta kiatu kilichokuwa safi. "Kaka alikuwa amezeeka," alisema akiwa bado ameinama. "Anamwaga nguvu kwenye pori. Mimi nilikuwa namtakia mapumziko."

"Ulimtakia kweli?"

Suti aliendelea kufuta. Walikaa hivyo, kuku wa Mashoto wakipita chini ya baraza wakitafuta mtu wa kuwalisha, mpaka waliposikia injini nzito ikipanda kilima.

Boza lilitangulia, gari la polisi nyuma. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye kofia ya sufu na uso wa kupenda watu. Alizima injini, akachungulia dirishani, akamwona Suti na kufurahi.

"Habari za siku, bosi. Leo tunajaza la wapi, lilelile la mbele?"

Inspekta hakumgeukia Suti hata mara moja.

"Shuka, kaka," alimwambia dereva. "Umewahi kuja hapa?"

"Mara moja. Jumamosi iliyopita, mchana." Alishuka akijifuta mikono kwenye suruali. "Jioni yake gari likaniharibikia, nimekaa nalo gereji mjini mpaka leo asubuhi. Kuna shida? Maji yangu ni safi, nachota kwenye kisima cha mashine."

"Nani alikuita Jumamosi?"

"Bosi huyu. Alinipigia, nikafika, tukapatana, nikajaza."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna. Yeye tu. Nikamuuliza mbona nyumba kimya, akasema wamekwenda harusini."

"Kifuniko cha tangi kilikuwa wazi?"

"Kimefungwa. Nilitaka kukifungua niingize mpira vizuri, akasema acha, vumbi litaingia. Nikapitishia kwenye lile tundu dogo la juu, la bomba la paa. Na ngazi ilikuwa imelala hapo kwenye majani, nikaomba nipandie, akasema mbovu, nikapanda kwenye mawe." Alimtazama Inspekta, akamtazama koplo ambaye alikuwa amesogea nyuma ya kiti cha Suti. "Afande, kwani kumetokea nini? Sikulipwa pungufu wala sikulipwa zaidi."

"Aliingia mwenyewe," Suti alisema. Alisema kwa sauti ya chini, akizungumza na viatu vyake. "Mimi sikumsukuma. Niliondoa ngazi ili anisikilize. Kwa mara moja katika maisha yake, anisikilize mpaka mwisho."

"Na kifuniko?" Inspekta aliuliza.

"Alikuwa anacheka. Yuko ndani ya tangi, hana ngazi, na ananicheka. Anasema, bado hatuuzi."

Koplo alimfunga pingu bila kuambiwa. Inspekta alitoa simu, akaita kituoni, akazungumza na askari wa zamu kwa sababu hakuwa na hamu ya kumsikia mkuu wakati ule. Mashoto atolewe sasa hivi. Apewe vitu vyake vyote. Na kabla hajatolewa, mkewe aitwe kutoka kwenye benchi, aambiwe yeye kwanza. Alirudia hilo mara mbili. Alipokata simu alijisikia mwepesi, na akajua ni kwa muda mfupi tu, kwa sababu dereva wa boza alikuwa bado amesimama pale uwanjani, kofia mkononi, akilitazama tangi la mbele.

"Ndani mlikuwa na mtu?" dereva aliuliza.

Koplo alitazama chini.

"Haiwezekani, afande. Mimi niko hapa na mpira, ningesikia." Alijaribu kutabasamu. "Pampu yangu ina kelele, sawa. Lakini nilisikia tangi linagonga. Nikamwambia bosi, tuzime kwanza tuangalie. Akasema hapana, plastiki mpya hugonga maji yakipanda, inajinyoosha. Nikaendelea. Liligonga, liligonga, halafu likanyamaza, na mimi nikajua limejaa."

Alimgeukia Inspekta, na macho yake yalikuwa yanaomba kabla mdomo haujaomba.

"Si hugonga, afande? Plastiki ikiwa mpya?"

Inspekta alikuwa ameshinda asubuhi nzima katikati ya matangi mapya, na alitamani kuliko kitu chochote amwambie ndiyo. Lakini mtu huyu angeitwa mahakamani, angesimama mbele ya mjane, na angeulizwa mbele yake kile alichokisikia. Alishuka ngazi, akaenda kusimama karibu naye.

"Hapana, kaka," alimwambia. "Haigongi."